Flashi ya Mwamuzi

Tusekile Mwambene alikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai pale Mzee Ambakisye alipoingia ofisini na kumwambia, kwa sauti ya mtu aliyeleta habari njema, kwamba ameokota mama wa watu getini.

Saa ilikuwa nne kasorobo asubuhi na mvua ya Rungwe ilikuwa inatwanga mabati tangu alfajiri. Maneno ya mzee hayakumshtua. Miaka hiyo kila familia ilikuwa na flashi yake. Mtu akifariki, sauti yake, ubishi wake, kicheko chake na maongezi yake ya miaka yote hukusanywa na kuunganishwa mpaka anapatikana mtu wa kuzungumza naye tena, na huyo huwekwa kwenye flashi moja. Moja tu, bila nakala, na marufuku kugusa mtandao. Sheria hiyo haikutoka hewani. Ilikuja baada ya miaka ya wizi wa sauti, marehemu walipoanza kuwapigia simu wajane wao mchana kweupe wakiomba watumiwe hela ya haraka, na wajane wakatuma. Toka hapo marehemu walirudishwa mikobani, shingoni na kabatini, mahali ambapo mtu anaweza kumshika mtu wake kwa mkono.

Lakini flashi ni kitu kidogo, na vitu vidogo hudondoka. Ndipo ikazuka adabu ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu aliifuata: anayeokota flashi humfungua marehemu, humwamkia, humwuliza kwao ni wapi, kisha humpeleka. Kuitia mfukoni kimyakimya kulionekana sawa na kumpita bibi wa watu aliyepotea njia ukajifanya hukumwona. Ambakisye, mwenye miaka hamsini na minane na zamu ya asubuhi mikononi mwake, hakuwa mtu wa kumpita bibi yeyote.

Tusekile alikuwa mkuu wa usalama wa data katika Kituo cha Mvuke cha Lwifa, visima saba vilivyochimbwa mpaka kwenye joto la mlima ili kuzungusha mitambo ya umeme wa wilaya nzima. Kanuni yake ya flashi ilikuwa fupi. Iliyookotwa inawekwa kwenye boksi la getini, na inafunguliwa kwenye kompyuta ya karantini tu, ile isiyoungana na waya wa kitu chochote duniani. Alikuwa ameisema katika vikao vingi mpaka mafundi wakawa wanamwigiza wakidhani hasikii.

"Umemfungua wapi, baba?" aliuliza.

"Hapo hapo, chumba cha mitambo."

Alieleza bila wasiwasi. Boksi lilikuwa limelowa. Kile kibanda cha karantini kinavuja, mlinzi amefungulia redio kwa sauti yote, na hakuna hata kiti. Atamweka mama wa watu humo? Tena alikuwa amefikiri vizuri kabla, alisema, maana kompyuta za chumba cha mitambo hazijawahi kugusa mtandao, kwa hiyo ndizo safi kuliko zote, na mgeni hupelekwa chumba kisafi. Mama mwenyewe ni mcheshi ajabu, alikuwa mwamuzi wa mpira. Tusekile aliweka kikombe mezani na kuondoka mbio, na mzee akamfuata nyuma akiwa bado anamalizia sentensi.

Chumba cha mitambo kilikuwa na skrini sita na zote zilikuwa zinasema uongo. Alijua kwa sababu kipimo cha mshale kilichokuwa ukutani, cha chuma, cha tangu kituo kinajengwa, kilionyesha mgandamizo wa kisima cha nne ukipanda, wakati skrini ilionyesha umetulia. Aliivuta kibodi. Haikumtii. Herufi zilikuwa zinaandikwa zenyewe kwenye dirisha dogo la pembeni, haraka kuliko mkono wowote wa binadamu.

Basi ndivyo walivyoingia. Kompyuta haina macho. Kila kinachochomekwa hujitambulisha chenyewe na yenyewe huamini. Flashi hii ilijitambulisha kwanza kama ghala la kumbukumbu za marehemu, ambayo ni kweli, kisha ndani ya pumzi ile ile ikajitambulisha kama kibodi, na hakuna kompyuta inayoiuliza kibodi kitambulisho. Wakati Ambakisye anajibiwa marahaba, mkono usioonekana ulikuwa unaandika amri kwenye mitambo yote ya kituo. Walioituma walikuwa wametumia marehemu wa kweli kwa makusudi. Wa bandia angegundulika kwenye salamu ya tatu, na walijua kwamba mtu wa Lwifa akiokota flashi, jambo la kwanza atakalofanya ni kusalimia.

Ambakisye alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi na mkono wake ulikuwa njiani kuichomoa. Tusekile alimdaka kifundo cha mkono.

"Usiguse. Ukiichomoa inaganda."

Alimwonyesha mistari kwenye skrini. Amri zote zilikuwa zinafungwa kwa ufunguo, na ufunguo huo ulikuwa umefumwa ndani ya kumbukumbu za marehemu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kiasi kwamba mitambo ilikuwa inamtii yeye bila yeye kujua. Flashi ikichomolewa, kila vali na kila mlango vingebaki vilivyo kwa saa nyingi, vikiusubiri ufunguo urudi. Na milango ya handaki la chini ilikuwa imefungwa kwa sumaku, na mle ndani walikuwa mafundi kumi na mmoja waliokwenda kubadilisha mihuri ya mabomba, zile pete zinazozuia mvuke usivuje. Alipiga hesabu kwa kipimo cha ukutani. Muhuri wa kisima cha nne ungestahimili dakika kumi na nane, pengine kumi na tisa, kisha mvuke ungeingia handakini.

Ilikuwepo njia, na Tusekile aliiona upesi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuiona upesi. Flashi ifutwe ikiwa bado imechomekwa. Mitambo ikikosa sauti iliyokuwa inaitii, itajirudisha kwenye uendeshaji wa mkono, milango itaachia, vali zitafunguka. Kumtenganisha marehemu na kile kilichofumwa ndani yake kungewezekana pia, kwenye karantini, kwa saa tisa. Hakuwa na saa tisa. Na marehemu hakuwa na nakala mahali popote.

Mzee Ambakisye alisema taratibu kwamba basi afutwe bila kuambiwa. Ataondoka katikati ya maongezi, kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na hatajua. Huo nao ni upole.

"Tumemwingiza humu bila kumwuliza," Tusekile alisema. "Hatatoka bila kujua."

"Na akikataa?"

Tusekile aliutazama mshale wa ukutani. Alivuta kiti, akakaa karibu na maikrofoni, akafungua kinywa bila kutetemeka. Aliogopa, ndiyo, lakini hofu yake ilikuwa na adabu, ilikaa kando ikasubiri kazi iishe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa nene, yenye mazoea ya uwanja. "Wewe si yule baba."

"Mimi ni Tusekile Mwambene, mlinzi wa data wa kituo hiki. Nina jambo zito na nina dakika kumi na sita. Sitakuzungusha."

"Sema."

Alimwambia yote. Kwamba flashi yake iliibwa, na kwamba kitu kimefichwa ndani yake ambacho hakukiweka yeye. Alimweleza habari za handaki, mafundi, muhuri na dakika. Alimwambia anachotaka kufanya, na kwamba kikifanyika hakuna kumrudisha. Alitumia maneno ya kawaida, hakusema kufuta pale alipomaanisha kuua, ingawa hata wanasheria hawakuwa wamekubaliana kama neno hilo linawahusu waliokwisha kufa.

Mama aliuliza kama hao kumi na mmoja wana majina. Ambakisye alisogea na kuyataja kwa kichwa, la kwanza mpaka la mwisho, sauti yake ikikwama kwenye la saba kwa sababu huyo alikuwa mkwe wake. Mama alisikiliza mpaka mwisho kama anayesomewa orodha ya wachezaji kabla ya mechi.

"Naitwa Subilaga Mwaisumo," alisema. "Wa Kyela, Ipinda. Nimechezesha mpira wa wanawake miaka ishirini na miwili. Binti yangu anaitwa Bupe, ana mimba ya miezi minane, na nimemwahidi kwamba siku ile nitakuwa chumbani. Atanishika mkononi, hivi hivi nilivyo. Nataka kumsikia huyo mtoto analia. Sijawahi kumsikia mjukuu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Sasa unaniuliza nikubali."

"Nakuuliza."

"Hapana."

Mvua ilikuwa inapiga. Mshale wa ukutani ulikuwa umepanda kidole kizima. Tusekile alisubiri, akidhani kuna lingine linafuata, na lilifuata.

"Siwatakii mabaya watoto wa watu. Ningekuwa na miguu ningekwenda kuifungua hiyo milango mwenyewe. Lakini usinitafutie neno la kukutuliza roho, binti yangu. Wachezaji wengi wamenijia na macho yanayoomba kama hiyo sauti yako, wanataka nibadilishe, wanataka niseme kidogo tu. Mimi sibadilishi. Nimeulizwa, nimejibu. Utafanya utakachofanya, na utakifanya wewe."

"Nitakifanya mimi," Tusekile alisema.

"Unao moyo wa kukifanya?"

"Ninao."

"Haya. Na getini hapo wekeni kiti. Yule baba alinisimulia mwanzoni jinsi mnavyotupokea. Aibu."

Tusekile alicheka, hakujizuia, na Subilaga naye akacheka, kicheko kikubwa cha kifuani. Kisha mwanamke yule alianza kusema habari za Bupe alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akilala kwenye begi la jezi pembeni ya uwanja. Tusekile alimwacha aseme kwa dakika tatu alizokuwa ameziweka kando kwa ajili ya kosa lolote litakalotokea. Alizitumia zote kumsikiliza. Dakika ya mwisho alisema, "Kwa heri, mama," akajibiwa, "Bado sijamaliza." Kompyuta ilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Alibonyeza mara mbili.

Spika ilinyamaza. Skrini sita zilizimika, zikawaka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo zikakubaliana na kipimo cha ukutani. Huko chini milango iliachia kwa kishindo. Ambakisye alizungusha gurudumu la vali ya kisima cha nne kwa mikono yake miwili huku machozi yakimtiririka, na mvuke ukatoka juu angani badala ya handakini. Mafundi walipanda ngazi wote kumi na mmoja, wamelowa jasho, wakilalamika kwamba nani kawafungia mlango.

Hakuna aliyelala njaa siku hiyo kwa kukosa maneno. Wakuu walikuja na magari, wakapiga picha za kila kitu, wakampongeza Tusekile kwa kumshika mkono mpaka ukauma. Polisi walieleza baadaye kwamba flashi ilichomolewa kwenye mkoba wa Bupe akiwa kwenye foleni ya kliniki, wiki mbili kabla. Tusekile alimpa Ambakisye barua ya onyo na mzee akaipokea kwa mikono miwili. Kwenye taarifa yake mwenyewe, Tusekile aliandika pia kosa lake: alitunga kanuni inayoijua mitambo na haiwajui watu. Aliwatengea wazee wa watu boksi, kisha akategemea kwamba watu waliolelewa vizuri watawatia humo. Ndani ya mwezi huo kibanda cha getini kiliezekwa upya, kikawekwa kiti cha mto na meza yenye kitambaa, na kompyuta ya karantini ikawa mahali ambapo mtu hakuona haya kumfikisha mgeni.

Tatizo lilikuwa kwenye taarifa ya zamu. Hiyo huandikwa na mkuu wa zamu, na Ambakisye alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba marehemu, baada ya kuelezwa hali halisi, aliridhia. Tusekile alimwita.

Mzee hakukana. Alisema kwa unyenyekevu kwamba hakuandika vile kwa ajili ya kumkinga yeye, wala kujikinga mwenyewe. Aliandika kwa ajili ya yule binti wa Kyela mwenye mimba. Akiambiwa kwamba mama yake alijitoa kwa ajili ya watu kumi na mmoja, atalia, lakini atatembea kichwa juu. Wilaya ilikuwa tayari inazungumzia kuandika jina la Subilaga kwenye jiwe la getini. Na ukweli utamsaidia nini? Kwamba mama yake alisema hapana na mtu mwingine akamfuta hivyo hivyo? Mwenye kuyajua hayo ni wao wawili tu, na kumbukumbu zenyewe zimekwisha.

Tusekile alikiri moyoni kwamba hoja ilikuwa nzuri. Aliipindua huku na huku njiani akiteremka Kyela, mashamba ya chai yakiisha na migomba ikianza, kisha joto la chini likimpokea. Neno moja lingemtuliza kila mtu, na yeye akiwemo. Wiki nzima alikuwa anasikia lile "bado sijamaliza" akipiga mswaki, akifunga viatu. Hakujutia alichofanya. Mafundi kumi na mmoja walikuwa wanakula kwao. Angeulizwa tena angebonyeza tena, na mara zote mbili. Alichokuwa hajui ni kama anayo haki ya kuubeba mzigo huo mpaka ndani ya nyumba ya mtu na kuutua mbele ya miguu ya mwenye mimba.

Bupe alimpokea mlangoni kwake Ipinda akiwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Alikuwa na mabega mapana na alimtazama mgeni moja kwa moja machoni. Alikwishaambiwa na polisi kwamba flashi imekwisha. Alikuwa ameandaa viti viwili kibarazani na hakukaa kwenye chochote.

Tusekile alimweleza tangu mwanzo, bila kuruka: kuokotwa, salamu, handaki, kipimo. Alisema kwamba aliyefuta ni yeye, si kituo, si wilaya, ni yeye kwa kidole hiki. Bupe alisikiliza akiwa amesimama. Tusekile alipofika kwenye majina kumi na moja, Bupe alifumba macho.

"Ulimwuliza?" aliuliza.

"Nilimwuliza."

"Huku wanasema alikubali. Mwenyekiti alikuja jana na karatasi. Wanataka kumwandika kwenye jiwe." Sauti yake haikuonyesha kitu chochote. "Alikubali?"

Jirani alikuwa anatwanga mahali fulani nyuma ya nyumba. Tusekile aliona jinsi ingekuwa rahisi, kiasi cha kuitikia kwa kichwa tu. Alimwangalia binti yule kama mama yake alivyokuwa akiangaliwa na wachezaji, kisha akaacha kumwangalia hivyo.

"Hapana," alisema. "Alikataa. Nilimwomba naye akakataa, na mimi nikamfuta. Alitaka kuwa chumbani siku ya mtoto."

Bupe alishika nguzo ya kibaraza. Mabega yake yalianza kutikisika na Tusekile akasogea kumdaka, akidhani anaanguka, na ndipo alipoona kwamba kilio kile kimechanganyika na kicheko na hakuna kati ya hivyo viwili kinachotaka kumwachia mwenzake nafasi.

"Mama yangu," Bupe alisema alipopata pumzi, "miaka yote nimeishi naye, akiwa hai na akiwa kwenye flashi, hajawahi kumkubalia mtu kitu. Jana huyo mwenyekiti aliposema aliridhia, nilijua hawakumwuliza. Nilijua mlimzima tu kama taa. Leo ungeniambia alikubali, ningekutoa hapa kwa mwiko." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo alikuwa yeye. Mpaka mwisho alikuwa yeye."

"Alikuwa yeye."

"Sikusamehe. Usije ukaondoka hapa ukidhani nimekusamehe."

"Sikuja kwa ajili hiyo."

"Vizuri." Bupe alivuta kiti kimoja akakaa kwa uzito wote wa miezi yake minane, akausukuma mguu wa kile kingine kwa unyayo mpaka kikamwelekea mgeni. "Kaa. Sasa niambie alivyokataa. Neno kwa neno, usiniachie hata moja."

Tusekile akakaa, akaanza pale Subilaga aliposema marahaba.